Maksai

Nimekuwa bwana mifugo kwa miaka 31, mingi yake Kongwa, na mafahali niliowahasi siwezi kuwahesabu. Chuoni Mpwapwa tulifundishwa kutumia lile koleo kubwa, Burdizo. Unaushika mshipa wa korodani moja, unabana, unahesabu, unaachia, unahamia wa pili, na hubani yote miwili katika mstari mmoja, maana ngozi itakosa damu na kuoza. Dume linarusha mateke mawili matatu, linanyanyuka. Baada ya muda limekuwa maksai: ugomvi umekwisha, linanenepa, linavuta plau. Kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu.

Septemba 2019 nilikuwa nimekaa kwenye benchi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, nikisubiri kupigwa picha ya mifupa. Mgongo ulikuwa umeniuma tangu Pasaka. Nilijitibu kwa vidonge vya maumivu na maneno ya "uzee huo", mimi ambaye ng'ombe akichechemea namkagua kuanzia kwato. Usiku nilikuwa naamka mara tano kwenda kukojoa; hilo nalo nikaliweka kwenye fungu la uzee. Mwanangu mkubwa ndiye aliyenipeleka kupima kwa nguvu. Kipimo cha damu cha PSA kikasoma 412. Kawaida wanapenda kuona chini ya 4. Wakachukua kinyama cha tezi dume, majibu yakarudi: saratani.

Kwa picha ya mifupa unachomwa dawa yenye mionzi kidogo, unaambiwa unywe maji mengi, unasubiri kama saa tatu. Nilisubiri nikitazama bahari na yale majengo ya Wajerumani yenye kuta nene. Picha ilipotoka, ilikuwa mifupa yangu yote imesimama pale kwenye kioo, na madoa meusi kama mtu amenirushia wino: nyonga, pingili za mgongo, mbavu mbili.

Daktari alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Alinipa shikamoo kabla hajakaa. Akasema ugonjwa umeshatoka kwenye tezi na kuingia mifupani, kwa hiyo kuuondoa haiwezekani tena. "Lakini tutaunyima chakula, baba. Chakula chake ni homoni ya kiume." Kulikuwa na njia mbili: sindano kila miezi mitatu maisha yangu yote, au upasuaji. Sindano ile, akasema, huipandisha homoni kwanza kwa siku kadhaa kabla ya kuishusha. Zipo dawa za kuzuia hilo, ila kwa jinsi pingili zangu zilivyo asingependa kubahatisha. Uti wa mgongo ukibanwa, miguu inakufa. Upasuaji unaishusha ndani ya siku moja.

Upasuaji gani? Hapo binti wa watu akaanza kutafuta maneno ya adabu. Mara "kuondoa chanzo cha homoni", mara "upasuaji mdogo tu". Nikamwonea huruma.

"Daktari, unataka kunihasi."

Akainamisha kichwa. "Ndiyo, baba."

Mke wangu alikuwa pembeni na pochi mapajani. Hakusema neno ofisini, hakusema kwenye daladala, mpaka usiku nyumbani kwa shemeji yangu Mbagala, tulipotandikiwa godoro sebuleni.

"Umesikia," nikamwambia. "Nitakuwa maksai."

Feni ikazunguka weee. Kisha akauliza, "Shamba letu nani analilima, fahali au maksai?"

Nilicheka hadi mbavu zikanikumbusha zilipo. Nikiwa bado nacheka nikasikia yeye analia. Nikanyamaza. Akajifuta kwa kanga, akasema, "Na hicho unachokililia, baba watoto, kiliondoka tangu mgongo ulipoanza. Mimi nilikuwa sijasema tu."

Kulipokucha tukarudi kwa daktari nikatia saini. Mkono haukutetemeka, ingawa nilisoma fomu ile mara tatu kana kwamba kuna kosa la tahajia nalitafuta.

Upasuaji wenyewe hauna mengi. Walinichoma ganzi hapohapo, wakaweka shuka katikati nisione, na kwa kama nusu saa nikawa nasikia vyuma vikigongana kwenye sinia. Niliuliza, "Mmeshahamia wa pili?" Nesi akacheka, daktari akamkemea, mimi nikamtetea nesi. Siku ya nne niliamka asubuhi nikagundua kwamba usiku nilijigeuza kitandani bila kupiga kelele. Wiki iliyofuata nikapigwa mionzi ya mgongo, mara moja tu, tukapanda basi kurudi Kibaigwa.

Joto la mwili nililoambiwa litafuata upasuaji lilikuja kweli. Juni, Kongwa, watu wamejifunika mablanketi, mimi nimekaa uani na fulana imelowa. Miezi mitatu baada ya upasuaji PSA ilikuwa 6. Mwaka 2022 ikaanza kupanda tena, na sasa nameza vidonge vingine. Wanangu wa kiume niliwaambia mwenyewe, kwa jina lake hasa, kwa sababu daktari alisema na wao waanze kupima mapema.

Mwaka uliofuata ule upasuaji, jirani alileta madume mawili nimhasie. Mgongo hauruhusu kuangusha dume, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda nikamwelekeza kijana aliyerithi kazi yangu. Alipofungua koleo nikamzuia.

"Ganzi umekuja nayo?"

Akanitazama. "Ganzi ya nini, mzee? Si ulinifundisha wewe mwenyewe kwamba hawa hatuwapigi ganzi?"

"Nenda kaichukue," nikamwambia. "Tutakusubiri."