Mwiba kooni

"Huyu kakwamwa na mwiba?"

Leo siku ya nane tangu Baba Mdogo aulize swali hilo, na bado linanirudia nikipiga mswaki, nikingoja daladala, nikihesabu chenji dukani. Wiki yenyewe imebeba mambo: mdogo wangu kapata matokeo na kafaulu, Shangazi karudi Muheza, ofisini wametangaza idara yetu inahama jengo. Yote nimeyapokea kama habari za mtaa wa pili. Kilichokaa ni mwiba.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula, ingawa Baba Mdogo alikuwa bado anamalizia sahani yake. Santuri ya Bobby Bland, mwimbaji wa bluzi wa Marekani, ile niliyoandika habari zake hapa mwezi uliopita, *Two Steps from the Blues* ya 1961, ilikuwa imefika wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, "I Pity the Fool". Tarumbeta zimeshapiga, Bland kaanza kwa utulivu, kisha akapanda, akaachia ule mkoromo wake. Baba Mdogo akasimamisha kijiko.

"Huyu kakwamwa na mwiba?"

"Hapana, Baba Mdogo. Ndivyo anavyoimba."

"Basi mpe tonge la ugali mkavu ashushie."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama alishika ubavu. Nikanyanyua sindano, nikarudisha santuri kwenye jaladi lake, na mchana ukaendelea.

Ndivyo anavyoimba! Mtu anakuuliza kuhusu jambo lililo kubwa kuliko yote ndani ya santuri, nawe unamjibu kama anayeulizwa bei ya nyanya. Jibu lilikuwepo, na ni refu, na linastahili kusemwa lote.

Bland alizaliwa 1930, Tennessee, akaanzia Memphis katika kundi moja na kina B.B. King, mpiga gitaa wa bluzi. Ujanani alikuwa na sauti nyembamba ya juu, ile ya kupaa, na hiyo ndiyo aliyoitegemea. Ilipompotea, ilimbidi atafute kitu kingine cha kumtambulisha. Akakipata kwa mhubiri. Alikuwa akisikiliza santuri za mahubiri ya Mchungaji C.L. Franklin wa Detroit, baba yake mwimbaji Aretha Franklin, hasa yale ya tai anayetikisa kiota chake, yanayotoka Kumbukumbu la Torati 32:11. Franklin alikuwa akianza kwa kuzungumza tu, kama mwalimu darasani. Polepole maneno yakaanza kuimbika, na kule juu, ambako mtu mwingine angepiga kelele, koo lake lilikunjika na kutoa mkwaruzo. Bland aliuchukua mkwaruzo ule, akautoa kanisani, akaupeleka kwenye nyimbo za mapenzi yaliyovunjika.

Kwa hiyo si kikohozi wala si mbwembwe. Ukitaka kuusikia unavyojengwa, anza na upande wa pili, wimbo wa pili, "Little Boy Blue", uliorekodiwa 1958. Mwanzo wake ni wa upole kabisa, unadhani anambembeleza mtoto. Kadiri wimbo unavyokwenda anaacha kufuata beti na kuanza kurudia maneno machache, kila mara akiyasukuma juu kidogo, hadi mwisho wake ni ibada. Anayeusikiliza kwa haraka atauona wa kawaida na kuukatiza kabla haujafika. Usiukatize.

Kitu kingine ambacho nilipaswa kumwambia Baba Mdogo, hasa yeye aliyepuliza tarumbeta kwenye bendi miaka yote ile: mkoromo haukai peke yake, umetengewa nafasi. Aliyeitenga ni Joe Scott, naye mpiga tarumbeta, aliyekuwa mpangaji wa muziki wa Bland katika kampuni ya santuri ya Duke huko Houston. Bland hakupiga gitaa, hakupiga kinanda, hakuandika nyimbo, na shule aliiacha akiwa mdogo. Scott alimfundisha nyimbo mstari kwa mstari: hapa vuta pumzi, hapa shusha, neno hili libane, hili liachie. Halafu akaziandikia tarumbeta na saksofoni kama waitikiaji. Bland akisema, zinajibu. Akinyamaza, zinamsema. Akikoroma, mara nyingi zimeshanyamaza kidogo kabla, kama watu wanaompisha mzee apite mlangoni.

Nyuma yao kuna gitaa la Wayne Bennett, ambaye kwangu mimi ni mmoja wa wapiga gitaa wenye adabu kubwa kuliko wote waliowahi kurekodi bluzi. Nota tatu nne, kisha anaacha. Katika baadhi ya nyimbo dramu ni za John Starks, aliyekuja kuwa mhimili wa bendi ya James Brown baadaye. Na "I'll Take Care of You", uliotungwa na Brook Benton, ni wimbo wa kutisha kwa utulivu wake, ngazi ya maina, ile yenye huzuni, tangu mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu anaujua bila kujua kwamba anaujua: ndio ulioimbwa upya na Gil Scott-Heron 2010, ukachanganywa upya na mtayarishaji Jamie xx, na kutoka hapo ukaingia kwenye wimbo wa Drake na Rihanna wa 2011.

Kwa nini basi santuri kama hii haitajwi na watu wanaotaja nyingine zote za wakati ule? Sababu ninayoiona kubwa ni gitaa. Vijana wa Uingereza waliofufua bluzi walitafuta mtu aliyeshika gitaa au aliyepuliza kinanda cha mdomo, mzee kutoka shambani, peke yake kwenye kiti. Bland alikuja amevaa suti, na bendi kamili ya tarumbeta nyuma yake. Wapenda bluzi wakamwona laini mno. Waliokuja baadaye kuipenda soul wakaianza hadithi miaka kadhaa mbele, wakampita. Katika orodha ya jumla ya nyimbo zinazovuma Marekani hakuwahi kupanda juu ya nafasi ya 20, ingawa kwenye orodha ya wasikilizaji Weusi "I Pity the Fool" ulishika namba moja 1961. Isitoshe, nyimbo 12 za santuri hii hazikurekodiwa kwa pamoja. Ni mkusanyiko wa miaka ya mwisho ya 1950 hadi 1960, na kuna wanaodhani mkusanyiko hauwezi kuwa kazi moja. Wasikilize upande wa kwanza bila kuinuka.

Kuna na dhuluma, siwezi kuiruka. Nyimbo kadhaa zina jina la mtunzi "Deadric Malone". Hilo ni jina la kubuni la Don Robey, mwenye kampuni. Alikuwa akinunua nyimbo kwa fedha taslimu na kujiandika mwenyewe. Kila nikisoma lebo ile nawafikiria watu waliotunga kweli, ambao majina yao hayamo.

Jumanne usiku nilirudia mazungumzo yale kwa mara sijui ya ngapi, na safari hii nikasimama kwenye neno *mwiba*. Je, alimsikia Bland, au aliisikia sindano?

Hili ni swali la kweli. "I Pity the Fool" ni wimbo wa sita, wa ndani kabisa upande ule. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Ukingoni, mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo unapita kwa sentimita 21 hivi. Sauti ileile inabanwa kwenye chini ya nusu ya nafasi, mikunjo inakuwa ya karibu karibu, na sindano iliyochakaa au chafu haiwezi kuifuata. Inaruka juu ya mikunjo badala ya kupita ndani yake, na unachosikia ni mkwaruzo kwenye herufi za "s", kwenye tarumbeta, na kwenye sauti yoyote yenye ukali. Yaani wimbo wenye mkoromo mkubwa umewekwa mahali pabaya kuliko pote.

Nikachukua lenzi ya mara 10. Kwenye ncha kulikuwa na kifundo cha vumbi, kidogo kama mbegu ya mchicha.

Kwa wanaouliza mara kwa mara, hivi ndivyo nilivyofanya. Sindano husafishwa kwa brashi laini kavu kutoka nyuma kuja mbele tu, kwa mwelekeo ambao santuri inazunguka. Ukisugua kwenda nyuma au pembeni unapinda kile kijiti kinachoishika. Kisha nikapima uzito ambao mkono unaikandamizia sindano, kwa mizani ndogo: gramu 1.6, wakati kichwa hiki, kile kinachobeba sindano, kimetengenezewa gramu 2. Wengi hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri. Ni kinyume. Sindano nyepesi mno inadundadunda ndani ya mfereji na kuuchimba kuta. Nikarudisha 2. Ncha ya almasi hudumu saa 500 hadi 1,000, na yangu ina kama 400, kwa hiyo haijafa.

Santuri yenyewe niliiosha. Lita moja ya maji yaliyokenekwa, matone mawili au matatu ya sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Unafuata mifereji kwa kuzunguka, hukati katikati, na lebo hailowi. Suuza mara mbili kwa maji mengine yaliyokenekwa, yasiyo na sabuni, simamisha kwenye kichanja cha sahani saa moja. Maji ya kisima hapa Tanga usiyaguse, yana chumvi. Yakikauka yanaacha chokaa ndani ya mifereji, na hiyo ni vigumu kuitoa. Maji yaliyokenekwa hupatikana wanakouza maji ya kuongezea betri za magari, ila hakikisha si tindikali ya betri, maana hukaa rafu moja.

Na kama nakala yako ni mono kama hii, yaani sauti ileile moja kwa spika zote mbili, isikilize kwa mono. Kichwa cha stereo kinasoma pia mtikisiko wa juu na chini, na kwenye santuri ya mono mtikisiko huo hauna muziki, ni vumbi na mikwaruzo tu. Bonyeza swichi ya mono kwenye amplifaya, kelele hizo zinajifuta zenyewe kwa kiasi kikubwa. Amplifaya isiyo na swichi, tumia waya wa kuunganisha chaneli mbili kabla ya kuingia kwenye amplifaya, kamwe si upande wa spika, utaiunguza. Wanaosikiliza kwenye simu waepuke matoleo yaliyotengenezwa stereo baada ya miaka, ambamo besi imesukumwa upande mmoja na sauti kali upande mwingine. Joe Scott hakuziandika tarumbeta zile zikae dirishani na mwimbaji mlangoni.

Alhamisi ilikauka vizuri. Nikaiweka, nyumba ikiwa tupu. Wimbo wa sita. Tarumbeta zikaingia safi, kila moja ina mwili wake. Mkwaruzo wa sindano umekwisha. Bland akapanda, akakoroma.

Na mwiba ulikuwa bado upo.

Nilikaa pale kwenye mkeka, nikarudia mazungumzo yale tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayerudisha sindano kwenye mstari uleule. Kijiko kimesimama. "Huyu kakwamwa na mwiba?" Jibu langu. "Basi mpe tonge la ugali mkavu ashushie." Kicheko cha Mama. Kicheko cha watoto. Na hapo kwa mara ya kwanza nikamwona Baba Mdogo mwenyewe. Hakucheka. Alikuwa ameigeukia spika, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio lake zima, na hakukirudisha kijiko kwenye sahani mpaka niliponyanyua sindano.

Mpuliza tarumbeta anaujua mkoromo. Wapo waliojenga jina kwa huo, kama Bubber Miley na Cootie Williams kwenye bendi ya Duke Ellington: unapuliza huku ukinguruma kooni, na mbele ya mdomo wa tarumbeta unafungua na kufunga ule mpira wa kuzibulia sinki. Baba Mdogo alikuwa akitufanyia sisi watoto uani, tukidhani ni mchezo wa kumwiga simba. Mimi ndiye niliyeandika hapa, miaka miwili iliyopita, kwamba ilikuwa inamwacha na maumivu ya koo siku nzima. Sebule ilikuwa na watu 11, na 10 walisikia wimbo wa kizungu wa zamani. Mmoja akasikia koo.

Na mimi nikanyanyua sindano.

Kesho kutwa anakuja kuchukua nyavu zake. Nitaiacha santuri juu ya kinanda cha santuri, upande wa pili ukiwa juu, sitasema kitu. Akitaka ataiweka mwenyewe; mkono nimeshaupima, na sindano ni safi.

Nimeinuka kuzima taa ya jikoni nikalipitia kopo la dawa za presha za Mama. Vimebaki vidonge 11. Kwa hesabu yangu tangu siku ya kliniki vilipaswa kubaki 4.