Msumeno unabana? Tupa isubiri kwanza

Fundi anayepasua paini mbichi ya Sao Hill, msumeno ukianza kubana, hukimbilia tupa. Mara nyingi meno hayana kosa. Pitisha kidole ubavuni mwa bapa: ukikuta utando wa kahawia unaonata, huo ni utomvu. Ndio unaoshikana na mbao na kulipasha bapa joto, na ukinoa juu yake unamaliza meno bure.

Maji hayautoi. Paka mafuta ya taa pande zote mbili, subiri dakika 10, kisha sugua kwa brashi ngumu na ufute. Usiishie hapo, maana mafuta ya taa yakishakauka chuma kinabaki uchi. Malizia na oili nyepesi ya cherehani, tone mbili tatu kwenye kitambaa. Oili chafu ya gari iache huko huko gereji. Inatia mbao madoa, na palipoingia oili gundi haishiki wala vanishi haikai. Mafuta ya alizeti tunayo tele, lakini kwenye chuma huganda yakanata kama utomvu ule ule uliotoka kuupangusa.

Ukishasafisha na bado unabana, sasa tazama mpanuko wa meno. Mbao mbichi hulibana bapa, kwa hiyo njia ya msumeno iwe pana, kama mara moja na nusu ya unene wa bapa. Maana yake kila jino lipinde nje kwa robo ya unene huo, moja kushoto, linalofuata kulia. Pinda nusu ya juu ya jino tu. Ukipinda kutoka shinani linakatika. Kabla ya kunoa, pitisha tupa bapa juu ya meno yote hadi kila moja lipate kidoa kinachong'aa, ndipo uingize tupa ya pembe tatu. Kidoa kikitoweka, acha hapo hapo. Tupa inakata ikisukumwa. Ukiirudisha huku umeikandamiza unaiua. Ipake chaki kwanza ili unga wa chuma usizibe meno yake.

Unyevu nao. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Makete asubuhi ya Julai inaweza kukuta umande umeganda. Chuma kilicholala kwenye sakafu ya saruji hubaki baridi wakati hewa imeshapata joto, kwa hiyo kinatoa jasho kama chupa ya soda. Sanduku la vifaa likae juu ya vipande vya mbao, na ndani lisibaki na unga wa mbao, kwani hunywa maji na kuyahifadhi. Randa inapata kutu hivyo hivyo, kwa maranda yaliyosahaulika mdomoni. Ukiranda mlingoti (mkaratusi) mbichi, futa kisu mara umalizapo: maji yake yakigusa chuma vyote viwili vinageuka vyeusi, chuma na mbao. Chini ya randa ya chuma, mstari wa mshumaa au nta ya nyuki unatosha.

Patasi wengi wanaiharibia kwenye mashine ya kunolea. Ikigeuka bluu, ncha hiyo imelainika na makali hayatakaa. Inabidi uisage yote iishe. Gusisha sekunde mbili, chovya majini, rudia. Kupata nyuzi 25 bila kipimo, urefu wa mteremko uwe mara 2.4 ya unene wa patasi: unene wa milimita 4, mteremko milimita 9.5 hivi. Kisha msasa wa maji namba 400, 800 na 1,200 juu ya kioo. Noa mteremko hadi uhisi kiukingo chembamba kimeinuka upande wa mgongo, ndipo ulaze mgongo bapa kabisa na kukiondoa. Mgongo ukiinuliwa hata kidogo, patasi haikati tena mstari ulionyooka.

Kiangazi mpini wa nyundo ukilegea, usiuloweke. Maji yanaufutua ndani ya tundu la chuma, nyuzi zake zinapondeka, ukikauka unalegea kuliko mwanzo. Gonga kabari. Mpini wenyewe upake mafuta ya kitani, na kitambaa ulichotumia kitandaze nje kikauke: kikikunjwa na kutupwa kwenye maranda huweza kuwaka chenyewe.