Shomoro wa tano

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wanajumuiya.

Wiki hii tusome Mathayo 10:29 pamoja na Luka 12:6. Kwa Mathayo, shomoro wawili ni senti moja. Kwa Luka, watano ni senti mbili. Aliyezoea soko ameshaiona hesabu: kwa senti mbili unapata shomoro wanne. Huyo wa tano ni nyongeza. Ni kama pale soko la samaki hapa Bagamoyo, mkishapatana bei ya dagaa unasema "niongezee basi kaka", naye anachota bila hata kutazama, anatia mfukoni. Basi Bwana anasema hata huyo wa nyongeza hasahauliwi mbele za Mungu, na kwa Mathayo, hata mmoja haanguki chini asipojua Baba.

Shomoro walikuwa kitoweo cha fukara. Mwaka 301 Kaisari Diocletian wa Roma alipotangaza bei za ukomo za bidhaa, shomoro nao walipangiwa yao, kwa kumi kumi. Nani angehangaika kumpangia bei mmoja?

Na sisi hatumtazami mmoja. Mkikaa uani mama anapepeta mchele, mwangalieni anayeshuka: dume mwenye doa jeusi kooni na utosi wa kijivu. Hatembei, anaruka kwa miguu yote miwili. Anadokoa chenga iliyodondoka nje ya ungo, anamkazia mama jicho moja, anadokoa tena. Huyo ni shomoro wa majumbani, na asili yake si huku. Alifika pwani hii na vyombo vya baharini, kama baadhi ya babu zetu. Wenyeji wa nchi hii ni wale wa kichwa cha kijivu wasio na doa kooni, ambao jike na dume huwezi kuwatenganisha kwa macho.

Wako wengine wengi. Visiwa vya Cape Verde vina shomoro wao, Socotra ina wao, na hutawaona kwingine kokote. Wa Bahari ya Chumvi dume lake lina rangi ya njano ubavuni mwa shingo. Wengi wanaoitwa shomoro kule Marekani si ndugu wa hawa kabisa. Wahamiaji kutoka Ulaya waliona wanafanana wakawapa jina hilohilo. Katika miaka ya 1970, kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Frickley, Uingereza, shomoro waliishi mita 640 chini ya ardhi, wakila walichopewa na wachimbaji. Zaburi ya 139 inasema hata ningetandika kitanda kuzimu, Wewe uko. Mimi sijapata mfano wa kuishinda hiyo.

Tukumbuke pia China, mwaka 1958. Serikali iliwaweka shomoro kwenye orodha ya waharibifu wanne, kwa kuwa wanakula nafaka. Watu wakatoka na masufuria na ngoma, wakapiga kelele ili ndege wasipate pa kutua, mpaka wakaanguka wenyewe kwa kuchoka. Kumbe ndio waliokuwa wakila wadudu wa mashambani. Wadudu wakazidi, na mwaka 1960 shomoro wakatolewa kwenye orodha, nafasi yao wakapewa kunguni. Kwa serikali ile walikuwa mamilioni ya waharibifu. Kwa Baba, kila aliyeanguka alikuwa mmoja. Na hapa niseme wazi: Yesu hakuahidi kwamba shomoro hataanguka. Wahubiri wengine huruka neno hilo upesi mno. Alikuwa anawaambia wanafunzi ambao wangepigwa na kuuawa.

Mji wetu nao unajua bei ya kiumbe. Misafara iliteremka kutoka bara na pembe na watu, na watu hao walipangiwa bei kama mzigo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni hapa mwaka 1868, walitoa fedha kuwakomboa watoto mikononi mwa wafanyabiashara. Tunaisimulia sana habari hiyo kwa wageni, na inafaa isimuliwe. Lakini nikiisimulia nawakumbuka zaidi wale ambao hawakukombolewa, waliovushwa kwenda Unguja usiku bila mtu wa kuuliza jina.

Sasa tufungue daftari la jumuiya yetu. Kila nyumba imeandikwa: baba, mama, watoto, nani kabatizwa, nani bado kipaimara. Binti wa kazi, aliyetupikia chai Jumamosi iliyopita na kutuletea viti, hayumo. Tukiombea familia tunataja wenye nyumba kwa majina, yeye anaingia kwenye "na wote waliomo humu". Mwenyekiti, Jumamosi hii tukishamaliza rozari naomba tuanze naye, maana yuko hapo hapo jikoni: anaitwa nani, katoka wapi, ni wa dhehebu gani, na kama kwao wana namba ya kumpigia.