Kutoka kilomita 21 hadi 42: mazoezi ya Moshi kwa anayeishi Dar

Ukimaliza kilomita 21 kwa saa 2 na bado una nguvu ya kupiga picha na medali, ni rahisi kujipigia hesabu kwamba 42 utazimaliza kwa saa 4 na dakika chache. Kila mwaka, kwenye Kilimanjaro Marathon pale Moshi, hesabu hiyo huwaumbua watu kwenye mlima wa Mweka: wameshika viuno, wanatembea, na uwanja wa kumalizia bado uko mbali. Pumzi wanayo, kifua hakina tatizo. Kilichowaishia ni wanga.

Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, takriban gramu 500 kwa mtu mzima wa kawaida, sawa na kama kilokalori 2,000. Kukimbia hugharimu karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anahitaji karibu 3,000 kufika mwisho. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwilini, ila mafuta huungua polepole, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyozidi kuchota kwenye sukari. Kwenye 21 unaweza kukimbia karibu na uwezo wako wote na akiba ikatosha. Ukithubutu hivyo kwenye 42, kuanzia kilomita ya 30 hivi unakata moto: miguu inakuwa mizito ghafla, akili inapoteza umakini, na hata maneno yanatoka kwa shida.

Kwa makadirio ya muda, chukua muda wako wa 21 uzidishe kwa 2.1 kama unakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa wiki. Kama unakimbia 40 au 45, zidisha kwa 2.2. Mtu wa saa 2 anapata saa 4 na dakika 12 hadi 24 kwenye njia tambarare, na Moshi si tambarare. Ongeza dakika 10 au 15 nyingine, uzikubali mapema.

Njia yenyewe ina hila. Nusu ya kwanza unatoka mjini kufuata barabara ya Dar es Salaam na kurudi. Haina milima ya maana, asubuhi bado kuna ubaridi, na kila mtu anajiona hodari. Kisha unapita mjini na kuanza kupanda kuelekea Mweka. Mahali pa kugeuzia ni karibu na kilomita ya 32, tena jua limeshawaka. Baada ya hapo ni mteremko mrefu wa kurudi. Kwa maneno mengine, mlima unakukuta pale pale akiba inapoanza kuisha, na mteremko unayakuta mapaja yameshachoka. Mazoezi yote ya wiki 16 yanapaswa kujibu mambo hayo mawili.

Mbio hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mazoezi huanza Novemba. Kwa mtu wa Dar maana yake ni kwamba wiki nzito kabisa zinaangukia Januari na Februari, kipindi cha kaskazi, ambapo hata saa kumi na moja alfajiri hewa imejaa unyevu. Jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi na misuli inapunjwa. Usipigane na saa ya mkononi wakati huo. Mwendo wako ukishuka kwa sekunde 30 kwa kilomita ilhali pumzi ni ile ile, umefanya zoezi lile lile. Toka saa kumi na moja kamili, na mbio ndefu ziwe zimekwisha kabla jua halijakaa vizuri.

Usiingie kwenye ratiba hii kama hujakaa miezi miwili ukikimbia kilomita 30 hadi 35 kwa wiki bila maumivu. Kama unazo, siku nne zinatosha: Jumatatu kilomita 6, Jumatano 10 zenye kazi ya milima au kasi, Alhamisi 8 za polepole, Jumamosi mbio ndefu. Siku zilizobaki ni kupumzika, au kutembea tu. Mbio ndefu za Jumamosi ziende hivi kwa wiki: 16, 18, 20, kisha zishuke hadi 16, 21, 23, 25, zishuke hadi 18, 27, 29, zishuke hadi 22, 30, 32, halafu 22, halafu 14, na wiki ya kumi na sita ni mbio zenyewe. Wiki za kushuka si za wavivu. Mapafu na moyo huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchelewa sana, na anayeruka wiki hizo ndiye anayekutwa Januari akichechemea kwa maumivu ya muundi.

Ukikimbia polepole, weka kikomo cha muda badala ya umbali: saa 3 na nusu, basi. Anayekwenda dakika 7 kwa kilomita ataishia 30, na 30 zinatosha. Zaidi ya hapo uchovu unakula faida.

Sasa kosa kubwa, na hapa nazisema klabu zetu za jogging ingawa nazipenda kwa dhati. Jumamosi inageuka mashindano. Watu ishirini wanaondoka pamoja wakiimba, kilomita ya tano nyimbo zimekwisha, kilomita ya kumi kila mtu anamkimbiza mwenzake. Mbio ndefu zinatakiwa ziwe taratibu kuliko mwendo wako wa 21 kwa dakika moja hadi moja na nusu kwa kila kilomita. Mtu wa saa 2 kwenye 21 anakwenda dakika 5:41 kwa kilomita; mbio zake ndefu ni kati ya 6:45 na 7:10. Kipimo kizuri ni mazungumzo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatiza katikati kutafuta hewa. Mwendo huo ndio unaofundisha misuli kutumia mafuta na kutunza sukari, na ndio unaokuwezesha kukimbia tena Jumatatu. Kundi likikuvuta, liache liende. Tafuta mwenzako mmoja wa mwendo wako, huyo anatosha.

Kuhusu milima, Dar inayo. Ipo Makongo Juu, ipo Goba, kipo kilima cha Chuo Kikuu pale Mlimani, na mwenye usafiri ana Pugu na Kisarawe. Jumatano anza na mpando wa sekunde 60 mara 6, ongeza taratibu hadi mara 10, ukishuka kwa kukimbia pole. Kuanzia wiki ya tano, mbio ndefu moja kati ya mbili zimalizie kwenye vilima, kilomita 5 hadi 8 za mwisho, kupanda na kushuka. Kushuka ndiko watu wanakosahau. Kila hatua ya mteremko, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki huku inarefushwa, na kazi hiyo huichana kwa ndani kuliko kupanda. Asiyeizoea hukazwa na misuli anaporudi kutoka Mweka, akidhani ameshamaliza shida zote. Piga hatua fupi za haraka, mwili uelekee mbele kidogo, mguu utue chini yako; ukitua na kisigino mbele ya mwili, unajipiga breki mwenyewe.

Chakula cha njiani kifanyiwe mazoezi kama miguu. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia dakika ya 40 na si baada ya kusikia njaa. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25, tende ndogo tano ni karibu na hapo, kijiko cha chakula cha asali kama 17. Kinywaji cha nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko 5 vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu ya kukata utamu. Hiyo inakupa takriban gramu 60 za wanga na haikai nzito tumboni. Ukizidisha sukari, tumbo linavuta maji kutoka mwilini na utatafuta choo kabla ya kituo kinachofuata. Chochote utakachotumia Moshi kiwe kimeshapita tumboni mwako katika mbio ndefu nne au tano. Usipokee njiani kitu usichokijua, hata kikigawiwa bure.

Maji yenyewe, kunywa kwa kiu. Jipime kwenye mizani kabla na baada ya mbio ndefu: kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya jasho, na kupungua kidogo ni kawaida. Uzito ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni la hatari kweli. Maji matupu mengi kwa saa nne au tano hushusha chumvi ya damu; dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa. Wengi huzidhani ni za ukosefu wa maji, wakaongeza maji.

Raba. Wengi wetu tunanunua mtumba, na hakuna ubaya, ila kagua kabla ya kutoa hela. Weka raba juu ya meza iliyonyooka uitazame kwa nyuma: kisigino kikilalia upande mmoja, iache. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Inapaswa kubonyea na kurudi. Ikiwa ngumu, au ina mikunjo mingi ya kulala kama ngozi ya mkono wa mzee, imeshatembea kilomita zake. Toa soli ya ndani uitazame: alama ya vidole iliyochimbika ni ya mtu mwingine na mguu wako hautaifuata. Ikunje pia, ijikunje kwenye vidole, isijikunje katikati. Raba nzuri hudumu kati ya kilomita 500 na 800, na ratiba hii pekee inakaribia 700, kwa hiyo kama una uwezo tumia jozi mbili kwa zamu. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana mguu huvimba, na kwenye mteremko kucha zinagonga.

Maumivu: uchovu wa pande zote mbili, unaopungua ukipasha mwili moto, kimbia nao. Maumivu ya nukta moja inayouma ukiibonyeza, hasa kwenye mfupa, au yanayokufanya uchechemee, simama siku hiyo hiyo. Kano ya kisigino ilindwe na zoezi la ngazi: simama kwa vidole ukingoni, panda, shuka polepole, mara 15 kwa mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Na tafadhali, usimeze diklofenaki kabla ya kukimbia. Dawa hiyo pamoja na joto na upungufu wa maji ni mzigo mzito kwa figo, na inaficha maumivu yaliyokuwa yanakuonya.

Siku tatu za mwisho ongeza wali, viazi, ndizi, chapati. Siku ya mwisho punguza maharage, mboga za majani na mafuta mengi. Kama mbio zinaanza saa kumi na mbili na nusu, kula saa tisa na nusu usiku: mkate na asali, chai ya rangi. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na penye mshono wa fulana. Wanaume wabandike plasta kwenye chuchu.

Siku ya mbio, kilomita 21 za kwanza nenda kama vile umeagizwa kumsindikiza mtu. Kwenye mlima sahau mwendo, baki na pumzi ile ile, na penye mwinuko mkali tembea kwa hatua za haraka. Sekunde unazopoteza hapo ni chache kuliko dakika utakazolipa baadaye. Kula kabla ya kupanda, kwa sababu ukiwa unapanda hutatamani kitu. Ukigeuka pale juu, jizuie kilomita mbili za kwanza za mteremko mpaka mapaja yaelewe kazi imebadilika, ndipo uachie miguu.

Baada ya hapo wiki nzima bila kukimbia, hata kama siku ya nne unajisikia mzima.