Mkataba wa Nyuklia Ukiidhinishwa, Kinu Bado Kiko Mbali

Serikali ikitangaza kuidhinisha ushirikiano wa nyuklia wa kiraia na nchi nyingine, swali linalofuata mitaani ni kinu kinajengwa lini. Huku kwetu Mwanza swali hilo ni zito, maana Kenya inaitazama Siaya kama mahali pa kujenga kinu chake, kwenye ziwa hilihili tunalokunywa na kuvua.

Wanaosafirisha minofu ya sangara kwenda Ulaya wataelewa haraka. Kwanza nchi iwe kwenye orodha ya walioruhusiwa, kisha kiwanda kipate namba yake ya idhini, na bado kila shehena huondoka na cheti chake cha afya. Mkataba wa nyuklia ni ile orodha ya kwanza tu.

Tazama Marekani. Kifungu cha 123 cha Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 1954 kinataka Rais athibitishe kwa maandishi kwamba mkataba hauleti hatari isiyokubalika kwa usalama. Kisha unapelekwa Congress, yaani Bunge la Marekani, kwa siku 30 za mashauriano, na 60 nyingine baada ya hapo. Congress haihitaji kuupigia kura ya ndiyo: wasipopitisha azimio la pamoja la kuupinga, umepita. Wengi hukosea hesabu hapa. Zinazohesabiwa ni siku za kikao, na mapumziko yanayozidi siku tatu hayamo, kwa hiyo siku 90 huvuta miezi mingi.

Ndani ya mkataba, soma kwanza kipengele cha kurutubisha urani na kuchakata upya mafuta yaliyotumika, kwani njia hizo mbili zinaweza pia kutoa malighafi ya bomu. Falme za Kiarabu, mwaka 2009, ziliahidi kutofanya yote mawili nchini mwao.

Hata hapo hakuna kinachopakiwa melini. Kinu na mafuta vinahitaji leseni ya usafirishaji kutoka kwa mdhibiti wa nyuklia wa Marekani, na utaalamu unahitaji kibali cha Wizara ya Nishati. India ilisaini Oktoba 2008; mwaka 2010 ikatunga sheria ya fidia iliyomruhusu mwendeshaji wa kinu kumdai aliyemuuzia mitambo, na kampuni za Marekani zikasita. Mkataba ulikuwepo, vinu havikuja.

Kwetu, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipatia Bunge kazi ya kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Lakini mkataba wa nchi mbili huandikwa kwa ajili ya hizo mbili, na jirani anayechangia maji nazo hana saini pale. Ndiyo maana nasisitiza vipimo vya awali: maji, tope la chini, sangara na dagaa vipimwe sisiamu-137, kitu chenye mionzi kinachozalishwa vinuni na kwenye milipuko ya nyuklia, kabla jiwe la kwanza halijawekwa Siaya. Majaribio ya mabomu angani ya miaka ya 1950 na 1960 yalitawanya sisiamu dunia nzima, na bila rekodi ya kabla, hakuna atakayeweza kuonyesha ipi ni ya zamani na ipi imetoka kinuni. Tume ya Nguvu za Atomiki tayari hupima mionzi kwenye vyakula vinavyosafirishwa nje. Kazi hiyo ianze sasa, misimu yote ya mwaka, na matokeo yabandikwe mialoni.