Mjomba, Tunapita Sisi Kwanza

Dereva wa teksi alinishusha mbele ya masanduku makubwa ya mbao yaliyopandwa maua katikati ya barabara. Alishazunguka mara tatu akitafuta upenyo huku mita ikihesabu. Nyumba ya dada yangu ilikuwa upande wa pili, hatua kama mia mbili hivi. Nililipa pauni 85, karibu laki tatu za kwetu, kisha nikakokota mabegi mwenyewe. Nilifika kwa dada, Walthamstow, mashariki mwa London, nimekasirika kweli.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Hayo maua yamewekwa makusudi. Magari yasipite mitaa yetu kukwepa foleni."

Siku tatu zilizofuata nililala na kulalamikia bei za vyakula. Ya nne ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Asubuhi nilimsindikiza mpwa wangu wa miaka tisa shuleni. Tulifika mahali mtaa mdogo unapokutana na barabara kubwa, na gari likawa linakata kona kuingia. Nilimshika mkono, nikamvuta nyuma. Gari likasimama. Nikampungia dereva apite. Naye akatupungia tupite sisi. Tukabaki tunapungiana.

"Mjomba, tunapita sisi kwanza," mtoto akasema, akanivuta yeye.

Ndipo nilipotazama chini. Njia ya waenda kwa miguu haikukatika pale. Vilevile ilivyokuwa, kwa matofali yaleyale na kimo kilekile, ilivuka mdomo wa mtaa hadi ng'ambo. Hatukushuka hata inchi moja. Gari ndilo lililolazimika kupanda kama linapanda tuta, polepole, likiingia kwetu kama mgeni. Tangu Januari 2022 kanuni za barabara za huko zinamtaka dereva anayekata kona ampishe anayesubiri kuvuka, lakini nadhani hata asiyezijua angepunguza mwendo kwa jinsi ile njia ilivyojengwa.

Dada alinieleza jioni tukitembea Orford Road, ambako mchana kutwa hupita basi, baiskeli na watu tu. Mwaka 2014 jiji liliipa Halmashauri ya Waltham Forest fedha za kutengeneza mitaa kwa mfano wa Uholanzi, yaani baiskeli na waenda kwa miguu kwanza. Haikupokelewa kwa vigelegele: 2015, siku ya uzinduzi, waliopinga walibeba jeneza, wakisema biashara za mtaa zinazikwa. Sisi tulitafuta meza ya kukaa tukakosa, na kahawa tuliyokunywa wima ilikuwa ghali mno.

Nyumbani Mbagala, Dar es Salaam, mwanangu wa darasa la pili anavuka Kilwa Road kila asubuhi. Mtu mzima hunyoosha mkono hewani, watoto wakajipanga nyuma yake, wakakimbia. Mwanangu akishafika upande wa pili, bodaboda zinampitia kwenye njia ya miguu zikipiga honi, kana kwamba yeye ndiye aliyepotea njia. Na wanaotembea ndio wengi! Halmashauri zetu zinajua hivyo.

Kesho yake mpwa wangu alikwenda shule peke yake. Nilisimama dirishani mpaka akapotea nyuma ya yale maua. Ilikuwa saa mbili na nusu. Nyumbani saa nne na nusu, mwanangu alishavuka zamani. Hata hivyo nilimwandikia mama yake kumuuliza nani alimshika mkono.