Nilivyoipata saa janja ninayoweza kulala nayo

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkaazi wa Temeke, na navaa baibui. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyonichagulia saa. Anayeshinda kwenye kiyoyozi na shati la mikono mifupi huenda angechukua nyingine kabisa.

Nilihitaji mambo machache: mapigo ya moyo, hatua, usingizi, na umbali ninapotembea haraka asubuhi. Mapigo ya mtu aliyetulia na usingizi havipimwi na saa iliyolazwa juu ya kabati. Kwa hiyo sikuanza kwa kuuliza saa ina vipimo vingapi. Niliuliza kama nitaweza kushinda nayo kwenye joto la Dar, nipike nayo, nitawadhe, kisha nilale nayo mtoto akiwa ubavuni, bila mkono kunisumbua.

Bila kununua chochote, nikaanza kuazima. Binamu yangu alikuwa amekuja likizo kutoka Muscat na Apple Watch Ultra. Saa nzuri, sikatai, lakini ya kwanza ile ina urefu wa milimita 49 na uzito wa gramu 61.3 kabla hujaweka mkanda, na mkono wangu ni mwembamba. Kingo zake zilipita nje ya mkono, na mkono wa baibui ukawa unanasa kila nikiinua hand-bag. Halafu saa za Apple zinataka iPhone, nami natumia Android. Mwalimu mwenzangu akaniazima Xiaomi Smart Band 7, bangili nyepesi ya gramu 13.5 bila mkanda. Ile nilisahau kabisa kwamba nimeivaa. Kasoro yake kwangu ni kwamba haina GPS yake yenyewe, yaani kipokezi cha setilaiti cha kupimia umbali, inategemea ya simu, na mimi asubuhi sitaki kutembea na simu mkononi.

Hapo nikajua ninachotafuta kiko katikati. Tena nikajifunza kutazama maneno "bila mkanda" kwenye maelezo ya saa, maana uzito unaotangazwa mara nyingi ni wa mwili wa saa peke yake. Mkanda wa chuma unaweza kuuzidi. Jirani yetu ni sonara, ana mzani wa kupimia dhahabu, na alinipimia saa za kuazima moja baada ya nyingine huku akicheka. Nikaamua chochote kitakachozidi gramu 40 pamoja na mkanda, hapana.

Uzito si kila kitu, lakini. Geuza saa uutazame mgongo wake. Pale kwenye taa za kijani kuna kinundu. Taa hizo ni za kijani kwa sababu damu hufyonza sana mwanga wa rangi hiyo, na kihisi husoma mwanga unaorudi ukibadilika kwa kila pigo. Kikiwa mbali na ngozi, mwanga wa nje unaingia na hesabu inaharibika. Ndiyo maana lazima saa iguse ngozi, na ndiyo maana kinundu kirefu kinachora duara mkononi. Ninayoivaa nimeisogeza upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo. Nikitembea haraka naikaza tundu moja, nikirudi nailegeza.

Kuisogeza juu kulitatua jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Saa nyingi zina kitufe upande wa kulia. Ukivaa mkono wa kushoto, kitufe kinaelekea kiganjani, na ukisujudu, au ukipiga pushapu, mkono unapojikunja kitufe kinakuchoma mgongo wa kiganja. Ningeweza kuhamia mkono wa kulia, kitufe kielekee kwenye kiwiko, lakini huo ndio mkono wangu wa chaki. Sitaki kuhesabiwa hatua kwa kuandika ubaoni.

Kuhusu udhu: maji lazima yafike chini ya mkanda, hivyo saa inafunguliwa au inasogezwa mara nyingi kwa siku. Mkanda wa silikoni wa kuchomeka ncha ndani unachosha. Ule wa nailoni wa kubandika unafunguka haraka, ila ukilowa kwenye unyevu wa mji huu unachelewa kukauka, na jasho likikaa humo unanuka kama kitambaa cha jikoni. Nimeishia na silikoni yenye bizimu ya kawaida mchana, nailoni kavu usiku. Hilo liliwezekana kwa sababu nilisisitiza saa yenye mkanda wa milimita 20 unaochomoka kwa pini ndogo. Mikanda ya kipimo hicho imejaa Kariakoo, haina haja ya kusubiri ya kampuni.

Usidharau vipele. Mwaka 2014 Fitbit iliiondoa sokoni bangili yake ya Force baada ya watumiaji wengi kulalamika ngozi kuwasha. Wengine ngozi zao hazipatani na nikeli, wengine na gundi. Kwa wengi wetu lakini kisa ni jasho na sabuni vilivyonaswa chini ya mkanda. Naiosha kwa maji baridi, naikausha, na jioni naupumzisha mkono kwa muda wa kuoga. Alama ya 5 ATM maana yake saa inastahimili shinikizo la maji yaliyotulia ya kina cha mita 50. Haimaanishi uipeleke kwenye maji ya moto na sabuni, ambavyo hudhoofisha mpira wa kuzibia.

Nilichonunua ni Amazfit GTS 4 Mini: gramu 19 bila mkanda, GPS ndani, 5 ATM. Kampuni inasema chaji inafika siku 15. Kwangu haifiki, kwa sababu GPS inakula, lakini umeme ukikatika usiku sina wasiwasi. Dukani sikulipa mpaka saa ilipoungana na programu yake rasmi, Zepp, kwenye simu yangu. Muuzaji alinuna kidogo, "Dada, hii ni og kabisa," yaani si feki, nikamwambia sawa, basi tuiunganishe. Jumapili nikaenda nayo Daraja la Tanzanite, ambalo lina urefu wa kilomita 1.03, nikavuka mwanzo hadi mwisho. Kipimo chake kilinitosha.

Kipimo cha oksijeni nimekizima. Imeshaonekana hata kwa vifaa vya hospitali vya kidoleni kwamba kwenye ngozi nyeusi vinaweza kuonyesha oksijeni kuwa juu kuliko ilivyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imetoa tahadhari kuhusu hilo. Sioni sababu ya kuipa saa ya mkononi imani kubwa zaidi. Nimezima pia arifa za makundi ya WhatsApp, maana kundi la wazazi lilikuwa linautetemesha mkono katikati ya kipindi.

Sasa wifi yangu naye anataka ya kwake na ananiuliza anunue ipi. Nimempa yangu alale nayo Ijumaa na Jumamosi kwanza, kisha aende kwa sonara.